Mtoto Asiyemjua Adui Yake

1

"Ki-kinauma?" Lusungu Sanga aliuliza, akikitazama kilemba cha nyaya kilichoning'inia juu ya kiti.

"Hakiumi," alijibu Dkt. Ezerina Nyagawa. "Utahisi kama mtu anakuchana nywele."

Mtoto akapanda kitini taratibu. Hakujua kwamba alishawahi kukaa kwenye kiti hicho mara mbili, na kwamba mara zote mbili aliuliza swali hilohilo. Watoto waliofifishwa, yaani waliofutiwa kumbukumbu mbaya kwa mashine, hawakukumbuka tukio, wala hawakukumbuka chumba hiki, Chumba cha Ukungu, walimolisahaulia. Mara zile Lusungu alihudumiwa na mfifishaji mwingine, ambaye sasa amehamishiwa Songea. Leo zamu ilikuwa ya Ezerina.

Baba wa mtoto, Obadia Sanga, alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya sufu mkononi. Alikuwa mwendesha mashine za kuchana mbao, na unga wa mbao haukumtoka kwenye nyusi hata siku ya mapumziko.

"Kamwene, daktari," alisalimu kwa salamu ya kwao Njombe.

"Kamwene, Baba Lusungu. Ana shida gani safari hii?"

"Ileile. Halali. Chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Jana amekataa kuvaa sare, nikampigia mwalimu mkuu. Akasema nimlete huku, mambo yataisha kama siku zile."

"Na hajawahi kuwaambia nani anamfanyia?"

Obadia alitikisa kichwa. "Akiwa nalo hasemi. Akitoka humu, hana la kusema. Mimi sitafuti mtu wa kugombana naye, daktari. Nataka mtoto wangu ale."

Ezerina alielewa. Wazazi wote walisema hivyo kwa namna moja au nyingine. Ufifishaji ulibuniwa kwa ajili ya watu waliofukuliwa kwenye maporomoko ya udongo, watu ambao kila mvua iliponyesha walipiga mayowe. Baadaye shule zikagundua kwamba mtoto aliyeonewa anaweza kufifishwa asubuhi, na mchana akala ubwabwa kwa furaha. Tangu hapo taarifa za uonevu ziliisha kabisa. Maofisa wa elimu walisimama majukwaani wakasema janga limetokomezwa. Hakukuwa na mtoto wa kuwabishia.

Obadia akatoka kusubiri ukumbini. Ezerina akamvika Lusungu kilemba, akawasha kioo cha mashine. Mstari mwembamba wa buluu ukatokea, ukitetemeka kidogo.

"Sasa funga macho. Likumbuke lile linalokusumbua. Huhitaji kusema kitu."

Ndiyo ilikuwa kanuni. Mfifishaji asisikie. Kumbukumbu ikiitwa hulainika kama nta iliyowekwa juani, na hubaki laini kwa saa kadhaa kabla ya kuganda tena. Kazi ya kilemba ilikuwa kuizuia isigande. Lakini ilitakiwa iitwe barabara, mpaka mstari upande. Mstari wa Lusungu haukupanda. Ulitetemeka ukalala palepale.

"Unaikwepa," Ezerina alisema kwa upole.

"Ni-nikiikumbuka naishiwa pumzi."

Ezerina alisita. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi ile. "Basi iseme kwa sauti. Wakati mwingine ulimi husaidia. Nitakusubiri, hata ukichelewa."

Lusungu akavuta pumzi. Maneno yalitoka kwa shida, moja likikwama, lingine likiruka. Kuna stoo ya mipira nyuma ya madarasa. Wakati wa mapumziko wanampeleka humo, wanampa kitabu asome. Akikwama kwenye neno, mmoja anamshika sikio na kulizungusha kama kitufe cha redio, akisema anatafuta stesheni. Wengine wanatoa mlio wa redio isiyoshika. Kisha anaanza upya. Hatoki mpaka amalize ukurasa bila kukwama, na hajawahi kuumaliza. Jina lake darasani sasa ni Redio Mbovu. Hata watoto wa darasa la pili wanamwita hivyo.

"Nani anazungusha sikio?"

"Ke-Ke-Kezia."

Mkono wa Ezerina ulikuwa juu ya kioo. Ukabaki pale.

"Kezia yupi?"

"Kezia Mbilinyi. Tunakaa dawati moja."

Kwenye kioo, mstari wa buluu ulikuwa umepanda mpaka juu. Kumbukumbu ilikuwa laini, yote, tayari. Ilibaki kuugusa tu mduara mweupe pembeni.

Kezia Mbilinyi alikuwa mwanawe. Mtoto wake wa pekee. Wiki iliyopita tu, Kezia alikuwa akicheka simuni na rafiki zake, akasema "Redio Mbovu imeharibika tena leo." Ezerina, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka pia. Alidhani wanazungumzia redio.

2

Aliondoa mkono kwenye kioo, akauweka mapajani, akaushika kwa mkono wa pili.

Alijua lipi lingetokea. Akiugusa mduara, Lusungu angefumbua macho, angesema ana njaa, baba yake angeshukuru. Kezia angebaki alivyo. Hakuna ambaye angejua. Na asipougusa? Kumbukumbu iliyoamshwa ikaachwa huganda upya, ngumu kuliko mwanzo. Mtoto huyu angelala usiku mbaya kuliko wa jana, na kesho yake pia, mtihani wa kumaliza shule ukikaribia. Huruma ilielekea upande uleule ilikoelekea aibu yake, na hilo ndilo lililomtisha.

"Shuleni unaendeleaje?" aliuliza, apate muda.

"Si-siendelei." Lusungu aliinamisha kichwa, nyaya zikasogea. "Mi-mimi ni mjinga."

"Nani kasema?"

"Naona mwenyewe. Wenzangu wanajua sehemu. Robo kujumlisha theluthi, wanajua. Mwalimu anasema tulifundishwa na mimi nilikuwepo. Hata kwenye daftari ni mwandiko wangu. La-lakini mimi sikumbuki kufundishwa."

Ezerina alijua kwa nini. Wafifishaji wote walijua, ila walikuwa na jina dogo la jambo hilo: makombo. Kumbukumbu haikai peke yake. Imeshikamana na yaliyotokea karibu yake: harufu ya uji, wimbo wa asubuhi, somo la saa ile. Ukiing'oa, huja na udongo wake. Mtu mzima akipoteza asubuhi moja hadhuriki sana. Mtoto aliyeonewa muhula mzima hupoteza muhula.

Alikivua kilemba kichwani mwa mtoto, akavuta kiti, wakakaa wakitazamana.

"Lusungu, nikuambie jambo. Umeshawahi kuja hapa. Mara mbili."

Mtoto alimtazama, akakitazama kiti.

"Sehemu ulifundishwa, na ulizielewa. Ziliondoka humu ndani pamoja na mengine. Wewe si mjinga. Sisi ndio tulizitoa."

"Na Kezia?"

"Naye ulishamjua. Mara zote mbili, nadhani. Ukatoka hapa hujui."

"Ni-nikarudi nikakaa naye?"

"Ukarudi ukakaa naye."

Lusungu alikitazama tena kiti. Hakuwa amekwama, alikuwa anafikiri. "Muhula ulipoanza," alisema hatimaye, "nilimgawia parachichi. Nilimwona mzuri. Nikasema huyu atakuwa rafiki yangu."

Ezerina alitaka kumwambia, mimi ni mama yake, lakini aliona kumwambia wakati ule kungekuwa kumtwisha mtoto mzigo mwingine kabla hajautua wa kwanza.

"Inawezekana kutoa woga tu?" Lusungu aliuliza. "Jina libaki?"

"Haiwezekani. Vinatoka pamoja."

"Na nikiacha?"

"Utaogopa. Leo utaogopa zaidi ya jana. Sitakudanganya."

Mtoto akashika sikio lake, lile la kushoto, akalisugua polepole. "Ba-basi acha," alisema. "Nitaogopa."

3

Ukumbini, Obadia alisimama alipowaona. Alitafuta kwenye uso wa bintiye ile furaha aliyoizoea, hakuiona.

"Bado?"

"Sijamfifisha," Ezerina alisema. "Amesema hataki. Sheria inasema uamuzi ni wako mzazi, kwa hiyo ukitaka afifishwe, Makambako kuna kliniki nyingine, watampokea hata kesho. Ila mimi siwezi. Anayemtesa nimemjua, Baba Lusungu. Ni mwanangu."

Lusungu akageuza kichwa ghafla, akamtazama daktari kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

Obadia hakupandisha sauti. Alikunja kofia yake mara mbili, akaikunjua. "Kwa hiyo ungeweza kumaliza humo ndani, na mimi nikaenda nyumbani nikikuombea baraka."

"Ndiyo."

"Badala yake umemwamsha nyoka kichwani kwa mtoto wangu, ukamwacha huko. Ili wewe dhamiri yako ilale. Mtoto wangu alale wapi?"

Huenda yule mtu alisema kweli, Ezerina aliwaza. Huenda alilolifanya lilikuwa jema kwa ajili yake mwenyewe kwanza.

"Baba," Lusungu alisema. "Ni-ni-ni..." Neno likakwama. Obadia alitaka kumsaidia, Ezerina naye alikuwa nalo mdomoni, lakini mtoto aliinua kiganja kuwazuia wote wawili. "Ni mimi nimesema. Si-si yeye."

Obadia alichuchumaa, uso wake ukalingana na wa bintiye.

"Utaweza?"

"Sijui."

"Haya," alisema, akainuka na kuvaa kofia. "Twende nyumbani. Leo tutalala chumba kimoja, taa tutaiacha inawaka." Kisha kwa Ezerina, bila kumtazama: "Na wewe kaonane na wako."

4

Jua lilikuwa halijazama Ezerina alipofika nyumbani. Kezia alikuwa jikoni akimenya viazi kwa ajili ya chakula cha jioni, ganda likitoka refu bila kukatika. Walikuwa wawili tu humo ndani tangu baba yake ahamie Mtwara.

"Shikamoo mama. Umewahi leo."

"Marahaba." Ezerina aliketi bila kuvua koti. "Lusungu Sanga amekuja kliniki."

Ganda likakatika.

"Amesema nini?"

"Amesema yote. Stoo. Kitabu. Sikio."

Kezia aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshaisha kumenywa. Alikuwa mrefu kwa umri wake, mwenye sauti nzuri, mtoto ambaye walimu walimpa risala asome mbele ya wageni. "Ilikuwa utani, mama."

"Utani ambao mwenzio hacheki, anachekwa yeye?"

"Lakini umemfifisha?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kwa sababu hakumbukagi!" Kezia aligeuka. Haikuwa sauti ya ukaidi. Alikuwa kama anaeleza jambo lililo wazi. "Mara ya kwanza niliogopa sana, mama. Nilijua ataenda kusema, nitachapwa, utajua. Nikakaa siku nzima nikisubiri kuitwa. Halafu akarudi, akanisalimia, akakaa pale pale. Akanipa parachichi. Nikaona... nikaona basi hakuna kilichotokea. Kama hakumbuki, si ni kama sikufanya?"

Ezerina alihisi maneno yale yakimwingia na kukaa mahali ambapo yangekaa muda mrefu. Miaka yote hii alijua kliniki yake inawatoa watoto kwenye maumivu. Hakuwahi kujiuliza inawafundisha nini wale waliobaki darasani.

"Wewe ulikumbuka?" aliuliza.

"Eeh?"

"Mara zile. Yeye amesahau. Wewe umesahau?"

Kezia alikiweka kisu chini. Uso wake ukaanza kulegea kidogokidogo, kuanzia kidevuni. "Hapana."

"Basi ulifanya. Safari hii sijamfifisha. Atakuja shuleni anakujua. Na mimi na wewe tutakwenda kwa mwalimu mkuu, Lusungu atasema mbele yako, na wewe utasikiliza mpaka mwisho."

Ndipo Kezia akalia. Alilia kwanza kwa hofu, kama mtoto yeyote aliyekamatwa, kisha kilio kikabadilika kikawa cha chini zaidi. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama yake, akaushika mkono wake, ule wa kazi, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Nifute mimi, mama. Namwona anavyofumba macho nikimshika. Nikilala namwona. Si unaweza? Nitoe hiyo, nitakuwa mzuri. Nitakuwa rafiki yake kweli."

Aliweza. Mashine ilikuwa ileile. Ezerina alizihisi nywele za mwanawe chini ya kiganja, joto la kichwa, na tamaa ikampata, kubwa kuliko ile ya asubuhi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hiyo kaa nayo."

Hakuutoa mkono. Walikaa hivyo mpaka maji ya viazi yaliyokuwa jikoni yakachemka na kufurika, jiko likazimika.

5

Mwalimu mkuu, Bwana Kaduma, hakuwa mtu mbaya. Aliwakaribisha wote, akaagiza chai, akauliza habari za mashamba. Kisha akasema, akisugua viganja, kwamba haoni sababu ya jambo kuwa kubwa.

"Daktari wewe ndiye mtaalamu. Watoto wote wawili wakififishwa wiki hii, Jumatatu tunaanza ukurasa mpya. Kila mtu ana amani."

"Mwanangu ana maneno," alisema Obadia. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala vizuri, wala Lusungu.

"Asiseme sana, atajichosha. Mimi nimeshaelewa."

"Hujasikia bado, mwalimu. Utaelewaje?"

Lusungu alisimama. Kezia alikuwa amekaa mbele yake, mikono chini ya mapaja. Ilichukua muda mrefu. Kwenye neno "stoo" alikwama mpaka chai ikaanza kufanya utando. Bwana Kaduma akamsaidia: "Stoo. Endelea." Lusungu akarudi mwanzo, akalianza neno upya mpaka akalitoa mwenyewe. Alipomaliza, hakulia. Alikaa, akachukua kikombe, akanywa chai iliyopoa yote.

"Kezia?" alisema Ezerina.

"Ni kweli," Kezia alisema. Sauti yake nzuri haikuwapo. "Na mengine ni zaidi ya alivyosema."

Bwana Kaduma alikuwa ameiweka kalamu chini. Alikuwa na miaka mingi kazini, na miaka mingi ya mwisho hakuwa amemsikia mtoto hata mmoja akisimulia jambo la namna ile. Alitazama dirishani, upande ilipo stoo ya mipira, kana kwamba ilijengwa usiku uliopita.

"Wamepita wangapi?" aliuliza taratibu. Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angeweza kujua.

Mambo hayakunyooka mara moja. Stoo ilifungwa, Kezia akahamishiwa mkondo mwingine, na wenzake watatu wakaitwa pamoja na wazazi wao. Wazazi wawili walimwambia Obadia anamlea mtoto wake kwa kinyongo. Watoto wa darasa la pili waliendelea na Redio Mbovu kwa muda, mpaka likawachosha. Kliniki ilimsimamisha Ezerina kwa kumsikiliza mgonjwa kinyume cha kanuni, na alipoitwa kujieleza aliwaeleza, kwa urefu, wala hakuomba radhi. Lusungu alikuwa na siku za kula na siku za kutokula. Kila jioni Ezerina alikwenda nyumbani kwao kumfundisha sehemu. Mara ya kwanza Obadia alimwacha mlangoni kwenye baridi mpaka Lusungu alipokuja mwenyewe kumfungulia.

Robo na theluthi zilirudi kwa shida, lakini zilirudi, na zilikaa.

6

Siku moja baada ya somo, Lusungu alifunga daftari akasema, "Na-nataka kumwona Kezia."

Ezerina alimtazama Obadia. Obadia alikuwa akirekebisha mguu wa meza, akaacha.

"Unamtakia nini?"

"Nina swali. Anayeweza kulijibu ni yeye tu."

Walikutana uani kwa kina Sanga, mchana, ukungu umeinuka na mbao mpya zikinukia. Watu wazima walikaa barazani, mbali kidogo, lakini waliweza kusikia. Kezia alikaa mwisho wa gogo. Lusungu alikaa mwisho wa pili.

"Nisamehe," Kezia alianza. "Nilitaka nikuambie..."

"Ulishakubali o-ofisini." Lusungu alikuwa akiangalia mbele. "Nimekwenda kliniki ma-mara tatu, daktari ameniambia. Hii ya tatu ninayo. Zile mbili sina. Nimewauliza watu wote. Hakuna anayejua. Wewe unajua."

Kezia alibandua kipande cha gome kwenye gogo.

"Ni za-zangu," Lusungu alisema. "Zilinitokea mimi. Nataka uniambie."

"Zitakuumiza."

"Najua."

Kezia aligeuka kumtafuta mama yake barazani. Ezerina alitaka kusimama. Hakusimama. Kando yake, Obadia alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili, macho kwa watoto, na wala hakuizungusha.

"Ilikuwa..." Kezia alisema, akakwama. Akajaribu tena. "Ilikuwa siku ya kwanza ya kusoma kwa sauti. Ulivaa sweta ya kijani. Mimi nilikuwa nimekosea kusoma kabla yako, mwalimu akanicheka. Halafu ukaja wewe. Ukakwama, mwalimu akasema mmsubiri mwenzenu, wote wakanyamaza wakakusubiri. Mimi hakunisubiri mtu. Nikachukia. Mapumziko nikakufuata chooni..."

Machozi yalikuwa yakimtoka Kezia lakini hakuyafuta.

"Nililia?" Lusungu aliuliza.

"Ulilia."

"Ni-nilisema nini?"

"Uliniita jina langu. Ulikuwa hulijui vizuri bado, tulikuwa hatujazoeana. Ulisema, 'Kezia, nimekukosea nini?' Ulisema yote bila kukwama hata mara moja."

Lusungu alikuwa amefumba macho, na alikuwa akipumua kwa kina, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo kutoka kwenye gari na kutafuta namna ya kuubeba. Kezia alisubiri. Hakumharakisha. Barazani hakuna aliyesogea.

Kisha Lusungu akafumbua macho.

"Endelea," alisema.